Sura ya Tano: Mshika Funguo

Kila inapotajwa habari ya mjane anayeonewa ndani ya nyumba yake, swali la kwanza huwa lile lile: kwa nini haondoki? Anauliza mwalimu, anauliza mpishi wa hoteli, wanauliza hata shangazi zake. Ana miguu, ana ndugu zake Mjini, daladala za 117 zinatoka kijijini Kiwengwa, Unguja, tangu alfajiri. Hakufungwa kamba. Basi kwa nini anakaa akitukanwa, akihesabiwa salio la simu, akiomba ruhusa ya kwenda kumtazama mgonjwa?

Swali hili lina kasoro ambayo wengi hawaioni. Nyumba ni yake, yeye na wanawe. Mke anayepigwa na mumewe ana pa kurudi, angalau kwa maneno: kwao. Mjane akiondoka, anaiacha nyumba, minazi na haki za watoto mikononi mwa yule yule anayemkimbia. Kuondoka kwake ndiko ushindi wa mwenzake. Ndiyo maana sura hii itauliza swali jingine, ambalo jibu lake lina faida zaidi: huyu mtu aliingiaje?

Mama wa Kiwengwa nitakayemsimulia ni wa mfano tu. Sikumpa jina, kwa sababu kijijini kila jina lina mwenyewe. Tuseme mumewe alikuwa mvuvi, akafa ghafla. Ameacha nyumba ya matofali, minazi kadhaa, kipande cha ardhi ya mawe karibu na pwani, wavulana wawili na msichana mmoja. Mama analima mwani. Na yupo shemeji, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mazuri, anayefika mapema siku ya mazishi na kuchelewa kuondoka.

Miezi minne na siku kumi

Katika sheria ya Kiislamu, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena. Muda huo ni miezi minne na siku kumi. Kama ni mjamzito, mpaka ajifungue. Kwetu pwani mjane aliyemo ndani ya eda huitwa kizuka. Haolewi, hajipambi, na makazi yake ni nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe.

Eda ni ulinzi. Inampa mfiwa nafasi ya kulia bila kusukumwa, inahakikisha nasaba ya mimba kama ipo, na inawafungia mlango wenye haraka ya kuposa. Sura ya Al-Baqara, aya ya 235, inaruhusu kudokeza tu kwa mjane aliyemo ndani ya eda, na inakataza kupeana naye ahadi za siri. Anayemnong'oneza kizuka kwamba "mambo yetu tutayamaliza baadaye" ameshavunja mwiko wa kwanza, hata kama ameleta mchele.

Lakini dunia ya nje haisimami kwa miezi minne. Cheti cha kifo kinatakiwa. Washirika wa chombo cha uvuvi wana hesabu zao. Skuli inadai, bili ya umeme inadai, na mtu wa hoteli anauliza kile kipande cha pwani ni cha nani sasa. Lazima mtu atoke. Na anayetoka ndiye anayeshika karatasi.

Shemeji anatoka. Wiki ya kwanza anachukua kitambulisho cha mama ili afuatilie cheti cha kifo. Wiki ya tatu anaijua namba ya siri ya simu, kwa sababu kuna pesa za hitima zilizotumwa na mtu wa kuzitoa ni yeye. Mwezi wa pili anahifadhi karatasi za ardhi "zisije zikapotea na wageni hawa wote". Mwezi wa tatu ana ufunguo wa pili wa nyumba.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo baya lenyewe. Wapo maelfu ya mashemeji wanaofanya hayo yote na kurudisha kila kitu mkononi mwa mwenyewe, na jamii zetu zingekuwa taabuni bila wao. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayemzuia huyu. Majirani wanamsifu: "Mashaallah, shemegi yake kamsimamia." Sifa hiyo itakuja kumfaa. Siku mama akilalamika, atakuwa analalamikia mtu ambaye kijiji kizima kimeshampa cheti cha uungwana.

Ni vizuri kujua eda haikatazi nini, kwa sababu mtawala hupenda kuiongezea masharti yake mwenyewe:

- Haikatazi kupokea simu wala kuongea na ndugu na rafiki.
- Haikatazi kutoka mchana kwa haja ya lazima, kwa rai ya wanazuoni wengi.
- Haikatazi kuuliza hesabu ya pesa zilizotoka na zilizoingia.
- Haikatazi kusomewa karatasi kabla ya kutia saini, wala kukataa kuitia.

"Marehemu kaniusia"

Silaha kali ya shemeji huyu ni sauti ya maiti. Mama akitaka kurudi kwenye mwani, anaambiwa: marehemu hakupenda uhangaike na maji ya chumvi. Akitaka mtoto mkubwa akakae kwa mjomba wake Mjini asome, anaambiwa: marehemu kaniusia wanawe wasitoke hapa. Akisita kuhusu ardhi: marehemu mwenyewe tulishazungumza, basi tu hakuwahi kukwambia.

Atabishana vipi na mtu aliyekufa? Anampenda, anamlilia, na pengine ana dukuduku la neno alilomjibu vibaya wiki ile ya mwisho. Kumkatalia shemeji kunageuzwa kuwa kumkatalia mumewe kaburini. Nimewasikia watu wenye elimu zao wakilegea mbele ya maneno haya mawili, sembuse mfiwa.

Hapa sheria ina jibu jepesi. Wasia, yaani agizo la mtu kuhusu mali yake baada ya kufa, hautakiwi kuzidi theluthi ya mali. Haupelekwi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Na anayedai kwamba upo ndiye anayetakiwa kuuthibitisha. "Kaniusia" bila maandishi wala shahidi ni maneno ya aliye hai.

Akili ya mfiwa

Msiba mkubwa unagusa mwili. Usingizi unakatika, chakula hakipiti, kumbukumbu inapwaya. Mfiwa anaingia jikoni akasahau alichofuata. Hali hiyo si wazimu wala udhaifu wa imani. Kwa watu wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Mtu mwema akiona hivyo hukumbusha taratibu. Mtu wa aina tunayomzungumza huona nafasi.

"Jana si ulikubali mwenyewe?" Mama hakumbuki kukubali. "Ulikubali, mwanao alikuwepo." Pengine kweli, anajisemea, siku hizi kichwa changu si changu. Wiki moja baadaye ni pesa: "Nilikupa elfu hamsini, umeziweka wapi?" Hakupewa. Lakini anapekua mito na kanga, na kadiri anavyopekua ndivyo anavyojishuku. Akishafika hapo, haamini tena macho yake bila kumuuliza shemeji.

Mwenendo huu una jina: udhibiti wa kimabavu. Maana yake ni mtu kumtawala mwenzake hatua kwa hatua, katika pesa, simu, safari, mavazi na watu anaozungumza nao, hadi yule anayetawaliwa ashindwe kuamua jambo bila yeye. Kipigo kinaweza kuwemo, na kinaweza kisiwemo kabisa. Ndiyo maana jirani anayesubiri kusikia mayowe anaweza kusubiri miaka.

Watu ndio wa kwanza kuondolewa. Dada wa mama anayekuja kila Ijumaa anaambiwa amelala. Kisha mama anaambiwa: dada yako anakipigia jicho kiwanja. Wenzake wa mwani, ambao wangemwona kila maji yanapotoka, anaambiwa wanamsema. Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mnamo 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Bei yake imekuwa ikilalamikiwa siku zote, lakini pesa ile, hata ikiwa kidogo, huingia mkononi mwa aliyeloa. Shemeji hajali mwani. Anachotaka ni mama asiwe na shilingi ambayo haikupitia kwake, wala saa tatu za kukaa na wanawake wenziwe bila yeye kuwepo.

Na kuna wema. Hili huwachanganya watazamaji kuliko yote. Baada ya siku mbili za matusi anakuja na mtungo wa changu, sare mpya za watoto, na sauti ya chini: "Mimi nina nani tena ila nyinyi?" Mama anapumua. Anasema labda ni mimi niliyemuudhi. Matumaini hayo humshika kwa nguvu kuliko hofu, kwa kuwa anayeogopa tu hutafuta pa kukimbilia, na anayetumaini husubiri. Kama shemeji anaamini wema wake mwenyewe au anaigiza, sijui, na sioni haja ya kujua. Cha kutazama ni nani ana karatasi na nani anaomba ruhusa.

Kwa ufupi: aliingia kwa msaada wakati mama hawezi kutoka, akasema kwa niaba ya maiti, akamtenga na watu, akamfanya aishuku akili yake. Kufika siku ya kutoka eda, mlango umeshafungwa.

Binti wa Mtoni

Wasomaji wengi hudhani haya huwapata wasiosoma na wasio na ukoo. Basi tumtazame mjane maarufu kuliko wote waliozaliwa Unguja.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Alijifundisha kuandika mwenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wanawake wa kasri, na mwaka 1859 kalamu yake ilitumika katika njama za kaka yake Barghash za kutaka kiti. Hakuwa mtu wa kuburutwa. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar akiwa mjamzito, na mwaka uliofuata huko Aden alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Wakaenda kuishi Hamburg. Agosti 1870 mumewe aliumia alipokuwa akishuka kwenye tramu ya farasi, na akafa. Salme hakuwa ametimiza miaka 26. Alikuwa na watoto watatu, mkubwa wao bado mdogo sana, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Kwa taratibu za Hamburg za wakati ule, usimamizi wa mali na wa watoto haukuachwa mikononi mwa mjane; waliwekwa wanaume. Sehemu kubwa ya mali ikapotea huku yeye akitazama. Binti wa sultani akaishia kufundisha lugha ili watoto wale.

Mwaka 1875 Barghash, sasa ndiye Sultani, alizuru London. Salme akasafiri hadi huko akitumaini kupatana na kaka yake. Akajiwa na Sir Bartle Frere, mkubwa wa Kiingereza aliyewahi kutumwa Zanzibar kwa mambo ya kukomesha biashara ya watumwa. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, Frere alimtaka achague: aonane na kaka yake, au aache na serikali ya Uingereza iangalie mustakabali wa watoto wake. Mama gani angechagua vingine? Akaacha. Barghash akaondoka London bila kumwona dada yake, na ahadi ile haikutimizwa.

Siwezi kumwita Frere mnyanyasaji wa nyumbani. Alikuwa mtumishi wa dola akilinda maslahi ya dola, na huenda alilala usingizi mzuri. Lakini tazama bei aliyoitaja: jitenge na ndugu yako, watoto watakuwa salama. Ni bei ile ile anayotajiwa mama wa Kiwengwa. Miaka kumi baadaye, 1885, Salme aliletwa bandarini Unguja na manowari za Ujerumani wakati Bismarck, kansela wa Ujerumani, akimshinikiza Barghash akubali madai yao ya bara. Wajerumani walipopata walichokitaka, madai ya Salme ya urithi wake yakaachwa njiani. Alifariki Jena mwaka 1924. Mwanamke huyu alikuwa na elimu, ujasiri na damu ya kifalme. Alichokosa ni kushika karatasi zake mwenyewe.

Hesabu ambayo shemeji hapendi ipigwe

Mambo mengi ya giza katika nyumba ya mjane huwezekana kwa sababu hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu. Mirathi, yaani mgawanyo wa mali ya aliyekufa, ina mafungu yanayojulikana. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni, na mahari ambayo mume hakumaliza kulipa ni deni kama deni jingine. Kisha wasia uliothibiti. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa.

Mke hupata robo kama marehemu hakuacha mtoto, na thumuni, yaani moja ya nane, kama ameacha. Tuseme wazazi wa marehemu wameshatangulia na kilichobaki kimethaminiwa shilingi milioni 40. Mama anapata milioni 5. Zinazobaki 35 wanagawana watoto, mvulana mafungu mawili kwa fungu moja la msichana: milioni 14, milioni 14, milioni 7. Jumla imetimia.

Shemeji anapata nini? Hapati kitu. Akiwepo mtoto wa kiume wa marehemu, kaka wa marehemu hana fungu. Anayesimama mbele ya watu kama mwenye mali, anayezungumza na mtu wa hoteli na kushika ufunguo, katika hesabu ni mgeni.

Mambo yangekuwa tofauti kama marehemu angeacha mabinti wawili tu. Hapo katika kila milioni 24, mke angepata 3, mabinti 16 kwa pamoja, na kaka wa marehemu 5. Angekuwa mrithi kweli, lakini wa hizo tano tu. Fungu la watoto wadogo ni amana, na ami hana ruhusa ya kuliuza kwa sababu tu ana sauti nzito.

Kiwengwa hesabu hii ina uzito wa pekee. Tangu hoteli zilipoanza kujipanga ufukweni, ardhi ya mawe ambayo wazee hawakuithamini hata kwa muhogo imekuwa ya kugombewa. Karatasi moja iliyosainiwa na mwanamke aliyetoka kuzika inaweza kuhamisha riziki ya watoto watatu. Kazi ya kusimamia mirathi ya Waislamu Zanzibar ipo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na mgogoro ukizuka upo mlango wa Mahakama ya Kadhi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017.

Ndoa ya kufunika

Eda ikiisha, mara nyingi huja pendekezo: shemeji amuoe, "watoto wasilelewe na mtu baki". Ndoa ya namna hii inaweza kuwa ya heri, na zipo zilizokuwa. Swali ni kama mama anaweza kusema hapana na bado akabaki na nyumba yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 19, inakataza waziwazi kuwarithi wanawake kwa nguvu. Mjane hutakiwa atamke ridhaa yake mwenyewe. Kunyamaza kwake hakuhesabiwi. Na walii wake, yaani msimamizi wake wa kumuozesha, hutoka ukoo wake, kama baba au kaka, wala si ukoo wa mumewe aliyekufa.

Upande wa Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo Zanzibar haitumiki, inampa mjane uhuru wa kukaa anapotaka, kuolewa na amtakaye, au kutoolewa kabisa. Hata hivyo sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 iliendelea kuwanyima wajane urithi. Wajane wawili wa Shinyanga waliotolewa majumbani baada ya kufiwa walifikisha kilio chao hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi dhidi ya ukatili wa majumbani, ikitaja kwa jina kurithi mjane kwa nguvu, wakwe kuingilia mambo ya nyumbani, na kunyanyaswa kiuchumi. Uingereza nayo, mwishoni mwa 2015, ilianza kuuhesabu udhibiti wa kimabavu kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inafika miaka mitano jela.

Zanzibar ilianzisha mahakama maalum za kesi za udhalilishaji mwaka 2021, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kwa maoni yangu bado macho yetu, ya polisi, ya sheha na ya majirani, yamezoea kutafuta jeraha. Mama wa Kiwengwa hana jeraha. Ana simu ambayo namba yake ya siri haijui tena.

La kufanya

Kama wewe ndiye mama huyu, usianze kwa kumtangazia vita. Aliyezoea kutawala huwa hatari zaidi anapohisi anaponyokwa. Anza kimya kimya: mtu mmoja unayemwamini ajue yote, na nakala za kitambulisho, hati ya ndoa, cheti cha kifo na karatasi za ardhi zikae nje ya nyumba. Tafuta msaidizi wa sheria wa eneo lako. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoasisiwa mwaka 1992, kimewafundisha wengi hadi vijijini. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, nayo husaidia. Kama kuna kipigo, vitisho au kuingiliwa kimwili, lipo dawati la jinsia la polisi, na kipo kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo daktari, polisi na mshauri wanapatikana mahali pamoja.

Kama wewe ni sheha na umeletewa karatasi ya mauziano yenye saini ya kizuka, usiigonge muhuri kabla ya kumwona mwenyewe, na umwone akiwa peke yake. Kama wewe ni imamu, sema msikitini kwamba mirathi igawiwe mapema. Inayocheleweshwa miaka ndiyo inayoliwa. Kama ni mtoto mkubwa wa marehemu, jifunze hesabu ile ya mafungu uweze kuifanya mbele ya ami yako bila kutetemeka.

Na kama una dada, shangazi au rafiki aliyemo ndani ya eda leo, msaidie kwa namna ambayo karatasi zinabaki kwake. Mpigie yeye, si anayemshikia simu. Ukiambiwa amelala mara ya kwanza, subiri. Ukiambiwa hivyo mara ya tatu, nenda ukamwone kwa macho yako, na usiondoke mpaka umezungumza naye peke yake.